Msaada wanaozalisha okidi kwenye chupa: vipande vinakufa vyeusi, na vinavyopona vinatoa majani ya kioo

kikonyo

Wakuu habari za humu. Swali langu refu kidogo mnivumilie. Nazalisha okidi aina ya Phalaenopsis kwa tishu kalcha (kuotesha kipande cha mmea ndani ya chupa safi), natumia kikonyo cha maua, yaani nakikata vipande kila kimoja kiwe na fundo moja lenye jicho, nasafisha, nachomeka kwenye midia (chakula cha mmea) ya MS nusu nguvu, yaani madini ya Murashige na Skoog kwa nusu ya kipimo, sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kugandishia gramu 7, homoni ya NAA miligramu 0.5 na ya BAP (hii ni saitokinini, ya kuamsha macho) nilianza na miligramu 2 kwa lita ila sasa hivi niko kwenye 5 maana naona macho yanachelewa kuamka. pH naweka 5.7. Usafi ni spiriti ya asilimia 70 sekunde 30, halafu jiki iliyopunguzwa na tone la sabuni ya maji dakika 15, halafu nasuuza mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye presha kuka.

Matatizo ni haya. Vipande vingi pale nilipokata panageuka kahawia ndani ya siku chache, ile kahawia inashuka kwenye agari mpaka midia yote inakuwa rangi ya chai, kipande kinakufa na wala hakina ukungu. Vingine vinakaa safi kabisa wiki mbili zinapita jicho limeshavimba, unasema hapa tayari, afu unakuta pale chini kipande kilipozama kuna wingu jeupe limekizunguka na kila siku linatanuka. Na vile vichache vilivyopona ndo vimetoa vichipukizi lakini majani manene, yanapitisha mwanga, ukiyagusa na kibano yanakatika.

Sina maabara kubwa, nafanyia kazi kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya kupitisha mikono, ndani natuliza hewa kwanza na kupuliza spiriti. Sasa niongeze BAP, niongeze muda wa jiki, au midia yenyewe ndo haifai? Na kuna aliyewahi kuweka antibayotiki kwenye midia? Nawasilisha.

fundi_agari

Mkuu BAP usiongeze, shusha. Hiyo 5 ndo inayokupa majani ya kioo. Saitokinini ikizidi chipukizi linajaa maji, seli zinatanuka hovyo, jani linakosa ngozi yake ya nta na vile vitundu vya kupumulia vinabaki wazi tu havijui kufunga. Na sio BAP peke yake, juu ya hapo kuna agari laini na chupa iliyozibwa hewa haitoki, kuta za chupa zimejaa matone muda wote, mmea upo ndani ya mvuke unategemea nini? Rudi kwenye 2 au hata 1, agari panda mpaka 8, na mfuniko toboa katundu ukazibe kwa pamba iliyobanwa sawasawa au ile filta ya kubandika kama unaipata. Vichipukizi vilivyokwisha kuwa vya kioo hamishia kwenye midia isiyo na homoni kabisa, vingine vitajirudi, vingine havijirudi ng'o, hivo usivigombanie.

Kuhusu macho kuchelewa, jicho la kikonyo ni la kusubiri, hesabu wiki na sio siku. Halafu macho ya kikonyo kimoja hayafanani tabia, mengine yanatoa majani, mengine yanataka kutoa maua. Na joto lina neno lake hapo, ukiyaweka kwenye nyuzi 25 mpaka 28 mengi yanaelekea upande wa majani, ukiyaweka kwenye ubaridi wa nyuzi 20 hivi unaweza kukuta jicho limetoa kikonyo kingine cha maua ndani ya chupa, picha nzuri ya kurushia watu lakini mche huna.

Tuje kwenye kahawia. Huo sio ugonjwa, ni fenoli, kemikali za mmea wenyewe. Phalaenopsis ukiikata inamwaga fenoli kwenye jeraha, zikikutana na hewa kuna kimeng'enya kinazigeuza kuwa kwinoni, hiyo ndo rangi unayoiona na hiyo ndo sumu inayokiua kipande chenyewe. Kwa hiyo mchezo wote ni kupunguza majeraha na kukimbia kabla sumu haijakusanyika. Wembe wa upasuaji mpya, mkato mmoja, usikate kwa kusagasaga. Ukishakata vilaze kwenye maji safi yenye vitamini C na asidi ya sitriki, miligramu 100 mpaka 150 kwa lita kila moja, hiyo vitamini C usiipike kwenye presha maana joto linaiharibu, ipitishe kwenye filta ya sindano ya mikroni 0.22. Chupa ziweke gizani wiki ya kwanza. Afu hapa wengi wanazembea: chungulia kila siku, ukiona kahawia imeanza kutoka kwenye agari usingoje ijae, chomoa kipande kisogeze kwenye chupa mpya, au kama huna, hata upande wa pili wa chupa hiyohiyo. Siku tatu nne za mwanzo ndo zenye fenoli nyingi, ukizivuka hapo umepona.

Mkaa amilifu najua utaambiwa uweke. Gramu 1 mpaka 2 kwa lita unanyonya fenoli kweli, ila unanyonya na BAP yako humohumo, hivo hatua hii uache, utautumia kwenye midia ya kukuzia mizizi ambayo haina homoni.

Swali kwako sasa, ukimaliza jiki unakata ncha mbili za kipande kabla ya kuchomeka? Na lile ganda dogo la pembetatu linalofunika jicho unalitoa saa ngapi?

kikonyo

Asante sana fundi. Ncha sikati, nachomeka kama ilivyo. Ganda silitoi kabisa, niliogopa kuumiza jicho.

fundi_agari

Basi nusu ya shida yako iko hapo. Ncha zilizokunywa jiki zimeshakufa, zile ukizichomeka kwenye agari ndo zinamwaga fenoli mule ndani. Baada ya kusuuza kata nusu sentimita kila upande ubaki na nyama ya kijani kibichi ndo uchomeke, na upande wa chini ubaki chini kama ulivyokuwa kwenye mmea, jicho liwe juu ya agari lisizame.

Na lile ganda ndo nyumba ya wachafu. Vumbi, mbegu za ukungu, vidudu vidogo, vyote vinajificha chini yake na jiki haifiki, panakuwa na kipovu cha hewa. Fanya hivi: safisha mara ya kwanza kikonyo kikiwa kizima, ingia kwenye boksi, kwa ncha ya wembe pasua ganda mstari mmoja kuzunguka shina chini kabisa linapoanzia, lishike na kibano livute kando, litatoka lote na utaliona jicho dogo la kijani limelala bapa kwenye shina. Afu jiki mara ya pili, nyepesi, nusu asilimia ya haipokloraiti (ile dawa iliyomo kwenye jiki) inatosha, dakika 5 mpaka 10. Usiongeze muda wa ile ya kwanza, dakika 15 zako sawa. Jiki nyingi inaua jicho kabla haijaua bakteria.

mbegu_vumbi

Mi niseme tofauti kidogo na sio kumpinga fundi. Ndugu kikonyo umeanza na mlango mgumu. Anayejifunza kazi ya chupa namshauri aanze na mbegu, ndo njia inayosamehe.

Sikiliza. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu laki kadhaa na aina nyingine zinapita milioni, ni vumbi tupu, kila mbegu ni kiini kidogo na kikoba chepesi cha hewa basi, haina akiba ya chakula ndani. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu inayoilisha. Hilo Noël Bernard wa Ufaransa aliligundua mwaka 1899, na kwa muda mrefu watu waliamini bila kuvu huwezi kuotesha okidi. Mwaka 1922 Lewis Knudson kule Marekani akaonyesha kwamba kuvu sio lazima, ukiipa mbegu agari yenye madini na sukari inaota yenyewe. Midia yake ya Knudson C ya mwaka 1946 inatumika mpaka leo.

Na uzuri wa tunda bichi ni kwamba ndani ni safi lenyewe. Unalikata likiwa bado kijani halijapasuka, Phalaenopsis ni miezi minne mpaka sita tangu uchavushe, unalisugua kwa sabuni na brashi, jiki dakika 15 au 20, halafu unalichovya kwenye spiriti unalipitisha kwenye moto mara moja liwake lizime, unarudia. Ndani ya boksi unalipasua kwa urefu, linafunguka, unaona unga wa manjano hafifu umeshikamana na nyuzi, unauchota kwa ncha ya kibano unaugongagonga juu ya midia. Hakuna homoni. Hakuna kukata jeraha lolote kwenye mmea, fenoli utazisikia kwa jirani. Baada ya wiki kadhaa vumbi linavimba linakuwa vidonge vidogo vya kijani, hizo ndo protokomu, baadae zinatoa kajani na vinyweleo chini. Ukipata chupa moja safi una mamia ya miche ya kufanyia mazoezi ya kuhamisha, na mkono ndo unajifunza hapo. Ukiharibu hamsini hulii.

Mbegu kavu nayo inawezekana ila hiyo lazima uisafishe mbegu yenyewe, unaifunga kwenye kikaratasi cha filta au unaitikisa kwenye sindano yenye haipokloraiti nusu asilimia na tone la sabuni, dakika 5 mpaka 10, afu kuisuuza ni shughuli maana inaelea.

kikonyo

Nimekuelewa mbegu_vumbi na nitajaribu nikipata tunda, lakini lengo langu ni mmea uleule. Huyu mama ni chotara, rangi yake sijaiona kwingine, nikipanda mbegu nitapata watoto kila mmoja na sura yake. Nataka kloni.

Fundi mbona hujagusa lile wingu jeupe? Na antibayotiki?

darubini_x40

Hilo la wingu niachieni. Ukungu wa nje unajionyesha mapema, siku ya tatu mpaka ya saba unaona nywele juu ya agari au pembeni, na mara nyingi chanzo ni mkono wako, hewa ya boksi au midia haikuiva. Hili lako la kutokea wiki ya pili, linaanzia pale chini kwenye mkato na linafuata umbo la kipande, hilo ni la ndani. Bakteria wanaishi ndani ya mishipa ya mmea, jiki haiwafikii hata uloweke saa zima. Wakikaa ndani ya mmea hawana shida na mtu, ukiwapa sukari gramu 30 kwa lita wanafurahi.

Antibayotiki nimeona watu wanaweka na mimi sipendi. Sababu ni kwamba dozi ambayo mmea unaivumilia mara nyingi haiwaui, inawalaza tu. Chupa inaonekana safi, unazidisha, unazidisha, una chupa mia, siku unahamishia kwenye midia isiyo na dawa wanaamka wote siku moja. Zaidi ya hapo nyingine zinachelewesha mizizi, na matumizi ya hovyohovyo yanafundisha bakteria usugu. Kama mmea ni mmoja tu duniani na hauna namna nyingine, hapo sawa, lakini unatakiwa uwapime hao bakteria wanasikia dawa gani, sio kumwaga chochote ulichonacho.

Bora urudi kwa mama. Mmea mama ukae mahali pakavu chini ya paa wiki kadhaa kabla ya kukata, umwagilie kwenye mizizi tu, maji yasiguse kikonyo. Kata kikonyo kichanga ambacho bado kinarefuka, sio kile kilichomaliza kuchanua kimekuwa kigumu. Na kila kipande chupa yake, hata kama ni bomba dogo la maabara, usiweke vipande vitano kwenye chupa moja maana mmoja akitoa wingu amewazika wote. Andika kila chupa kipande kimetoka kikonyo gani na fundo la ngapi.

Jambo la pili ambalo hamjaligusa na ndo linaloniuma nikisoma nyuzi za namna hii: umempima mama virusi? Okidi zina virusi wawili waliosambaa sana, CymMV na ORSV, na mmea unaweza kuwa nao ukawa unachanua vizuri tu. Ukikloni kwa jicho la kikonyo unakloni na virusi, chupa zote mia zinakuwa nao. Kuna vipimo vya vijiti vya kusaga kajani na kuchovya, jibu dakika chache. Pima kabla hujanunua hata agari.

fundi_agari

Darubini yuko sahihi. Na ndo kihistoria kazi hii ilivyoanza, Georges Morel wa Ufaransa aliandika mwaka 1960 kuhusu Cymbidium, okidi ya aina nyingine, alichokuwa anatafuta ni kupata mimea isiyo na virusi vya mozaiki, anachukua ile ncha ndogo sana ya ukuaji ambayo virusi mara nyingi hawajaifikia. Akakuta ile ncha badala ya kutoa mmea mmoja inatoa vidonge vinavyofanana na protokomu, ukivikata vinazaa vingine. Biashara yote ya okidi za kloni imetokea hapo.

Ila kuna kitu watu wanachanganya. Ncha ya kusafisha virusi ni nusu milimita au chini ya hapo, unafanyia kwenye darubini. Ukichukua kipande kikubwa cha kujirahisishia kazi umechukua na virusi. Na Cymbidium inachipua pembeni kila mwaka, ukitoa chipukizi moja mmea upo. Phalaenopsis ina ncha moja tu juu, ukiitoa umeua mama. Ndo maana huku tunaenda na kikonyo, mama hajui hata kama umemchukulia kitu.

mpita_njia

Samahani wakuu naingilia, mi bado sijaanza nasoma tu. Hiyo miligramu 2 ya BAP mnaipimaje? Mzani wangu mwisho gramu 0.01.

fundi_agari

Hupimi miligramu 2 bwana, hata mzani wa maabara ya kawaida hiyo ni kubahatisha. Unatengeneza stoki. Pima miligramu 100 kwenye mzani wa kueleweka, kaombe hata chuo au shule yenye maabara wakupimie mara moja, yeyusha kwenye matone machache ya sodiamu haidroksaidi ya 1 N mpaka isionekane chembe, ukimwaga maji kwanza haiyeyuki inaelea tu. Ikishayeyuka ongeza maji yaliyotoneshwa taratibu mpaka ufike mililita 100. Sasa kila mililita ina miligramu moja. Ukitaka 2 kwa lita unavuta mililita 2 kwa sindano. NAA hivyohivyo. Weka lebo na tarehe, kaa nayo kwenye friji.

Na pH unarekebisha mwisho, baada ya kila kitu kuingia na kabla ya agari. Hasa ukiweka ndizi, ndizi inaishusha. Ikishuka sana agari inakuja kuwa uji haigandi, mtu analaumu agari mbovu.

mbegu_vumbi

Umeitaja ndizi nami niseme. Ndizi mbivu iliyosagwa gramu 50 mpaka 100 kwa lita, au maji ya dafu mililita 100 mpaka 150, miche midogo inanenepa kwelikweli. Maji ya dafu yana saitokinini ya asili humo ndani. Mi bila hivo siendi.

darubini_x40

Miche ya mbegu sawa. Kwa kikonyo sikubaliani, dafu hili sio sawa na dafu lile, changa na komavu ni vitu viwili, leo imekubali kesho imegoma na hujui kwa nini. Unayetafuta tatizo liko wapi unatakiwa uwe na midia unayoijua kila kilichomo. Ndizi na dafu weka kwenye hatua ya kukuza, baada ya vurugu kuisha.

mbegu_vumbi

Hapo nakupa haki yako.

kikonyo

Mrejesho wakuu. Nimeanza upya na kikonyo kichanga, ganda natoa, jiki mara mbili, ncha nakata, giza wiki nzima, BAP 2. Kahawia imepungua sana, ipo lakini kidogo na nikihamisha inakata. Vijani vya safari hii ni vyembamba vya kijani kawaida. Mama nimempima vile vijiti, hana CymMV wala ORSV, nimeshukuru.

Wingu jeupe bado lipo kwenye baadhi. Nilivyoandika lebo kama darubini alivyosema nimeona kitu, yote yametoka kwenye mafundo mawili ya chini kabisa ya kikonyo, ya juu yake hakuna hata moja. Pia kuna chupa mbili zimepata ukungu wa kijani juu, hata kipande sijaweka, zilikuwa zimekaa tupu zinasubiri.

darubini_x40

Safi, hayo ndo majibu ya lebo. Mafundo ya chini yapo karibu na mashikio ya majani, maji yanasimama pale, na tishu ni kuukuu zaidi. Yaache hayo, chukua ya katikati, utapata safi. Na yale ya juu ambayo yameshatoa vijani usirudi tena kwenye kikonyo, vizidishe hivyohivyo.

Chupa tupu zenye ukungu ni upishi wako. Presha kuka unaifungaje?

kikonyo

Naweka chupa, maji, nafunga, naweka uzito juu, ikianza kupiga filimbi nahesabu dakika 20.

fundi_agari

Ehee. Usiweke uzito mapema. Washa moto, acha mvuke utoke kwenye tundu bila uzito dakika 5 mpaka 10 utoke mfululizo kwa nguvu, ndo uweke uzito. Ukiziba mapema umefungia hewa ndani, presha inapanda na filimbi inapiga lakini hewa ikichanganyika na mvuke joto halifiki nyuzi 121. Presha unayo, joto huna. Mbegu za bakteria na ukungu zinakaa tu zinakusikiliza. Presha iwe psi 15, dakika 20 kwa chupa ndogo, chupa ya nusu lita na kuendelea ongeza muda. Vifuniko legeza kidogo kabla ya kupika, uvikaze zikipoa, na usifungue kuka kwa haraka midia itachemka itoke yote.

Afu chupa tupu kuziacha siku tatu nne kabla ya kuzitumia ni tabia nzuri sana endelea nayo. Iliyooza inajitaja yenyewe kabla hujaipa kipande.

mpita_njia

Swali la mwisho kwangu: ukipata chipukizi moja safi unaweza kuendelea kuligawa mpaka lini? Nikipata moja si ndo nimemaliza, nazalisha maisha yote?

darubini_x40

Hapana, na hapo ndo viwanda vikubwa vimewahi kuungua. Kila unapogawa, hasa kwa homoni kali au kupitia vidonge vya protokomu, kuna seli zinabadilika kidogo. Huoni kitu kwenye chupa. Unakuja kuona miaka miwili mitatu baadae mmea unachanua ua limepinda, mdomo wa ua umekuwa kama petali, rangi imefifia. Umeshauza. Chotara wa Phalaenopsis wana tabia hiyo sana. Ndo maana mtu anayejiheshimu anaweka idadi ya mizunguko, akiifikia anatupa ukoo huo anarudi kwa mama kuchukua jicho jipya. Chipukizi zinazotoka kwenye jicho moja kwa moja ni salama zaidi kuliko za vidonge, ingawa ni chache. Unachagua idadi au uhakika.

Na kama ni wa kuuza, chotara wengine wana hakimiliki ya mzalishaji, angalia hilo kwanza. Ukitaka kusafirisha nje ya nchi okidi zote ziko kwenye CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini), japo miche iliyo kwenye chupa safi ina unafuu wake kwenye orodha ya pili.

kikonyo

Nimewaelewa sana. Vichipukizi vyangu vya kwanza vina majani mawili matatu. Vinaenda kwenye midia ya mkaa bila homoni si ndio? Na nje vinatoka lini, maana nimesoma watu wanasema chupa ni rahisi, kifo kipo mlangoni.

mbegu_vumbi

Ndio, MS nusu, mkaa gramu 1 mpaka 2, hapa sasa ndizi ruksa hata darubini anakubali. Sukari punguza iwe 20. Usivitoe mpaka viwe na mizizi miwili mitatu ya sentimita 2 hivi, minene, ncha ya kijani. Mizizi ikianza kutambaa kwenye kuta za chupa ni wakati.

Siku chache kabla ya kutoa legeza mfuniko hukohuko chumba cha kukuzia ili vianze kuonja hewa kavu. Kutoa, mimina maji ya uvuguvugu kwenye chupa, tikisa, vitoke na agari yake, usivute kwa majani. Agari ioshe yote mpaka katikati ya mizizi, ile sukari ikibaki hata kidogo ukungu unakuja siku ya pili na unaanzia shingoni mwa mche. Weka kwenye sfagnamu (mosi laini inayotunza maji) iliyolowekwa ikakamuliwa, ukiikamua isidondoshe tone, mche ukae juu, shingo isizikwe. Trei ifunikwe na plastiki angavu, kivulini, unyevu asilimia 80 mpaka 90, na kila baada ya siku kadhaa unafungua kidogo zaidi mpaka mwezi ujao ipo wazi. Sababu ndo ileile aliyoisema fundi juu, jani la chupani halijui kufunga vitundu vyake, ukilitoa ghafla linakauka huku mizizi iko kwenye maji. Majani ya chupani mengine yatakufa tu hata ufanye nini, unachoangalia ni jani jipya la katikati, hilo limezaliwa nje na lina ngozi yake.

Mbolea subiri mpaka uone mzizi mpya, halafu robo ya dozi iliyoandikwa kwenye pakiti. Na usitoe chupa zote siku moja, toa mbili tu kwanza.

kikonyo

Natoa mbili mizizi ikifika. Nikikwama narudi hapahapa kwenye uzi huu.